KUMWAGIA MAHARUSI: KUTOKA LULU ZA BUURAN HADI MOSHI WA PICHA



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, siku chache baada ya Idi ya mfungo mosi alitujia mzazi mmoja ambaye watoto wake wamesoma katika madrasa yetu. Alingoja watu watoke msikitini baada ya Isha, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni orodha aliyopewa na mpiga picha wa harusi ya binti yake. Mizinga miwili ya kurusha karatasi za rangi. Vijiti arubaini vya cheche. Mikebe minne ya moshi wa rangi. Mashine ya kurusha cheche wakati maharusi wanapoingia. Jumla, shilingi 18,000, mbali na gharama ya picha zenyewe.

"Maalim," akasema, "mambo haya yametoka wapi? Na je, yafaa? Binti yangu asema harusi zote za sasa ziko hivyo. Na mimi pesa hizi sina, itabidi nikope."

Hatukumjibu usiku ule. Ni wepesi kusema "haramu" mtu akaondoka amenuna, na ni wepesi kusema "hakuna neno" mtu akaenda kukopa. Tulimwomba atupe siku tatu tutazame vitabu. Swali lake la kwanza, la wapi yametoka, ni swali la historia, na tuliona jibu la swali la pili limo ndani yake. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika hapa ili familia nyingine zinufaike nayo.

HARUSI YA FAM AL-SILH

Desturi ya kuwamwagia maharusi vitu haikuanza jana, wala haikuanzia Ulaya peke yake. Waarabu wanalo jina lake: nithari, yaani kumwaga au kutawanya. Katika miji ya Kiislamu ya zamani watu walikuwa wakitawanya sukari, lozi, tende na sarafu siku ya nikahi, na wageni wakaokota.

Nithari iliyotajwa sana katika historia yetu ilifanyika mwaka 210 Hijria, sawa na 825 Miladia, mahali palipoitwa Fam al-Silh, karibu na mji wa Wasit nchini Iraq. Khalifa Al-Maamun alimwoa Buuran, binti wa waziri wake Hasan bin Sahl. Mwanahistoria mkubwa Al-Tabari, aliyefariki mwaka 310 H (923 M), ametusimulia habari zake.

Baba wa bi harusi aliandika vikaratasi vyenye majina ya mashamba yake, kisha akavitawanya juu ya makamanda na jamaa wa Bani Hashim. Aliyeangukiwa na kikaratasi alituma mtu akakabidhiwe shamba lake. Leo sisi twarusha karatasi tupu. Yule alirusha karatasi, na kila karatasi ilikuwa ni shamba!

Khalifa alipoketi na mkewe, nyanya yake Buuran alimmwagia lulu elfu moja zilizokuwa katika sinia ya dhahabu. Al-Maamun akaamuru zikusanywe na kuhesabiwa. Zikapungua kumi. Akauliza nani amezichukua, akatajwa mtu mmoja miongoni mwa waliohudhuria. Khalifa akamwamuru azirudishe. Mtu yule akajitetea kwamba zimemwagwa ili wao wazichukue. Khalifa akamwambia azirudishe tu, naye atamlipa badala yake. Lulu zote akampa mkewe kuwa ni zawadi yake, kisha akamwambia aombe haja zake.

Bi harusi alikaa kimya kwa haya, mpaka nyanya yake akamhimiza aseme. Alipoomba, hakuomba vito. Aliomba Ibrahim bin Al-Mahdi, ami yake khalifa ambaye aliwahi kujitangaza kuwa khalifa kinyume chake, asamehewe. Akaomba pia Bibi Zubayda, mama wa Al-Amin ambaye ni ndugu na hasimu wa Al-Maamun, aruhusiwe kwenda Hija. Yote mawili akakubaliwa.

Usiku huohuo uliwashwa mshumaa wa anbari wenye uzito wa mani 40, yaani zaidi ya kilo 30 kwa vipimo vya leo, ndani ya chombo cha dhahabu. Al-Maamun alipouona hakupendezwa. Alisema kwamba hiyo ni israfu.

Tuzingatie hapa, ndugu wasomaji. Huyu alikuwa mtawala wa dola kubwa, na mashamba yametawanywa mbele yake asiseme kitu. Lakini mshumaa ule ulimkera. Sababu yake Al-Tabari hakuieleza, ila sisi twaona tofauti iliyo wazi baina ya vitu hivyo viwili. Shamba lilimwendea mtu akalilima. Anbari iliungua usiku mmoja ikawa moshi.

WANACHUONI WALISEMAJE

Kwa kuwa nithari ilienea, wanachuoni wa fiqhi waliizungumza, na walikhitalifiana. Miongoni mwa waliochukia ni Ata, Ikrima na Ibn Sirin. Waliochukia hawakuichukia furaha. Walichukia kunyang'anyana: watu wazima kupigana vikumbo chini, mwenye nguvu akapata na mnyonge akakosa. Wengine, kama Hasan al-Basri, Qatada na Abu Hanifa, hawakuona ubaya, kwani mwenye mali ametoa kwa ridhaa yake.

Kuna kisa kimoja kinachotupendeza sisi walimu wa madrasa. Imepokewa kwamba mtoto wa Imam Ahmad bin Hanbal alipofuzu masomo yake ya chuoni, Imam alinunua jozi ili kuwafurahisha watoto wenzake. Badala ya kuzitawanya akakusudia kuzihesabu na kumgawia kila mtoto fungu lake, kwa sababu alichukia kunyang'anyana. Basi hata katika furaha ya watoto, Imam alimfikiria yule mdogo ambaye angerudi mikono mitupu.

Ama katika madhehebu yetu ya Kishafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, Imam Nawawi (aliyefariki 676 H, 1277 M) amelieleza jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma au tumewaona masheikh zetu wakikisomesha. Kwa maana yake: ni halali kutawanya sukari na mfano wake katika nikahi, wala si makuruhu kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na ni halali kuokota, ingawa kuacha kuokota ni bora.

Kwa hivyo aliyemwambia binti wa mzee yule kwamba kuwamwagia maharusi ni uzushi wa makafiri hakusema kweli. Lakini tutazame vizuri kile walichokijadili wanachuoni. Mjadala wao wote ulihusu kitu cha kuokotwa: sukari, lozi, jozi, sarafu. Swali lao lilikuwa nani atakipata na kwa adabu gani. Kitu kinachorushwa kisha kikafagiwa hakikuwa katika mazungumzo yao.

KARATASI ZA RANGI: KUTOKA PEREMENDE HADI TAKA

Sasa twende Ulaya, maana karatasi hizi tunazorusha zimetoka huko. Jina la Kizungu la karatasi hizi, "confetti", ni neno la Kiitalia, na asili yake halihusiani na karatasi. Ni lozi au mbegu zilizovikwa sukari. Mpaka leo Mwitalia akisema neno hilo anakusudia lozi za sukari ambazo wageni hupewa katika harusi, na mji wa Sulmona ni maarufu kwa kuzitengeneza. Ukitazama, ni nithari ileile: kitu kitamu cha mgeni kula.

Katika sherehe zao za mitaani Waitalia walikuwa wakirushiana mbegu za giligilani zilizovikwa sukari. Sukari ilikuwa ghali, basi wakaanza kurushiana vidonge vya chokaa vilivyofanana nazo. Vidonge vile viliumiza macho na kuchafua nguo, hata watu wakawa wanavaa vinyago vya waya kujikinga.

Mwaka 1875, mtu mmoja wa upande wa Milan aitwaye Enrico Mangili alipata wazo. Eneo lile lilikuwa la ufugaji wa viwavi vya hariri. Wafugaji walitumia karatasi zilizotobolewa matundu mengi, na viduara vilivyotoka katika matundu hayo vilitupwa kama taka. Mangili akavichukua akaviuza vya kurusha katika sherehe. Vilikuwa rahisi, vyepesi, na havimuumizi mtu. Katika miaka ya 1890 vilishafika Paris, na Uingereza navyo vikaanza kuchukua nafasi ya mchele ambao Waingereza walikuwa wakiwarushia maharusi.

Basi safari ya kitu hiki ni hii: kilianza ni lozi ya kuliwa, kikawa chokaa, kikaishia kuwa mabaki ya karatasi za viwavi. Kila hatua kilikuwa rahisi zaidi kurusha, na kila hatua mgeni alirudi nyumbani na kidogo zaidi. Siku hizi vingi si karatasi tena bali plastiki yenye kung'ara, ambayo haiozi. Ukirusha ufukweni jioni, asubuhi iko baharini pamoja na samaki wetu.

MOTO WA FURAHA

Cheche nazo zina historia ndefu, na Waislamu wamo ndani yake. Baruti ilivumbuliwa China. Shura, ambayo ndiyo chumvi inayoipa baruti nguvu zake, ilipowafikia Waarabu waliiita theluji ya China. Ibn al-Baytar, mjuzi wa dawa aliyefariki mwaka 1248, ameitaja kwa jina hilo. Baadaye katika karne hiyo ya 13, Hasan al-Rammah wa Sham aliandika kitabu chenye namna ya kuisafisha shura na kutengeneza vitu vya moto, vya vita na vya kutazamwa.

Wafalme wakaipenda. Mwaka 1582 huko Istanbul, Sultani Murad wa Tatu alifanya sherehe ya kumtahiri mwanawe Mehmed iliyoendelea kwa zaidi ya siku 50, na fataki zikiwashwa usiku. Mwaka 1633 huko Agra, India, alipooa Dara Shikoh, mtoto wa Shah Jahan, fataki ziliwashwa kandokando ya mto Jamuna, na wachoraji wa jumba la mfalme wakaichora harusi hiyo. Mnaona kwamba kuweka moto katika picha ya harusi si jambo jipya. Tofauti ni kwamba Dara Shikoh aliwashiwa na mafundi wa kazi hiyo, nje, na mto uko pembeni.

Kwa karne nyingi fataki zilikuwa na rangi ya manjano na nyeupe tu. Mwaka 1786 Mfaransa Claude Berthollet alipata chumvi nyingine, potasiamu kloreti, iliyowezesha moto kutoa rangi zilizokoza: nyekundu kwa madini ya strontiamu na kijani kwa bariamu. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20, huko Ujerumani, vikatoka vijiti vya cheche tunavyovijua: waya uliopakwa mchanganyiko wenye unga wa chuma na wa alumini. Kila cheche inayoruka ni chembe ya madini inayoungua.

Kwa kuwa vinauzwa pamoja na mishumaa ya keki, watu hudhani ni mshumaa mwingine tu. Sivyo. Maji huchemka kwa digrii 100. Kijiti cha cheche huungua kwa zaidi ya digrii 1000, na waya wake hubaki na moto hata baada ya cheche kuzimika. Na sisi twawapa watoto wa miaka sita, waliovaa nguo za nailoni, wasimame mistari miwili maharusi wapite kati.

MPIGA PICHA ALIYEUKIMBIA MOSHI

Habari ya moshi ina kichekesho ndani yake. Wapiga picha wa kwanza waliuchukia moshi kabisa. Kamera zao zilihitaji mwanga mwingi, na ndani ya nyumba mwanga haukutosha. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na ile potasiamu kloreti ya Berthollet, wakapata unga unaowaka ghafla kama radi. Mpiga picha aliumwaga juu ya sahani, akauwasha, na chumba kikang'ara. Lakini baada ya picha moja chumba kilijaa moshi mweupe, na ikabidi kungojea upungue. Wako walioungua mikono na nyuso. Ndiyo maana ilipotoka balbu ya mwanga huko Ujerumani mwaka 1929, moto ukiwa umefungwa ndani ya kioo, wapiga picha waliipokea kwa furaha.

Wazee wetu waliopiga picha za harusi katika studio za Mombasa na Unguja walinufaika na maendeleo hayo. Walisimama mbele ya pazia, wakatulia, taa ikamweka mara moja, basi. Picha zile ziko ukutani mpaka leo na hazina moshi hata chembe.

Moshi wa rangi uliorudi sasa haukutoka katika harusi. Umetoka vitani na baharini. Mkebe wa moshi ujulikanao kama M18 ulitengenezwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, ili askari wapeane ishara. Mabaharia nao hubeba mikebe ya moshi wa rangi ya chungwa, na maana yake baharini ni moja tu: tunaangamia, njooni mtuokoe. Hili tulimwambia yule mzee, maana binti alichagua rangi ya chungwa na picha zilipangwa kupigwa ufukweni. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo Maalim, binti yangu ataka kuomba msaada siku ya harusi yake!"

Lakini si kila mahali pa kucheka. Tarehe 5 Septemba 2020, huko California, Marekani, familia moja iliwasha mkebe wa moshi katika bustani yenye nyasi kavu ili kupiga picha ya kutangaza jinsia ya mtoto atakayezaliwa. Nyasi zikashika moto. Ukaunguza zaidi ya ekari 22,000, na mzimamoto mmoja akafa akiupambana.

IRAQ TENA

Ndugu wasomaji, tulianza na harusi ya Iraq, na sasa turudi huko. Tarehe 26 Septemba 2023, katika mji wa Qaraqosh ulio karibu na Mosul, familia za Kikristo zilikusanyika ukumbini kwa harusi. Maharusi walipokuwa wakicheza, fataki za ndani ya ukumbi ziliwashwa kuwazunguka. Cheche zikafika kwenye mapambo ya dari. Dari na kuta zilikuwa za vitu vinavyoshika moto upesi, na kwa dakika chache ukumbi mzima ukawa tanuri. Watu zaidi ya mia moja walikufa. Bwana na bi harusi waliokoka, lakini walizika jamaa zao wengi wa karibu. Uchunguzi wa serikali ulisema ni uzembe mkubwa.

Wale si watu wa dini yetu, lakini ni wanadamu, na msiba wao unatuuma. Wala hawakufanya jambo lisilofanywa kwetu. Mwaka 2003 watu 100 walikufa katika ukumbi wa muziki huko Rhode Island, Marekani, na mwaka 2013 watu 242 walikufa huko Santa Maria, Brazil, kwa sababu hiyohiyo: fataki ndani ya jengo, na dari inayoshika moto. Miaka kumi baada ya Brazil ikawa Qaraqosh.

Sasa tuzitazame kumbi zetu. Nyingi zimeezekwa makuti. Dari zinatundikwa vitambaa vya nailoni toka upande hadi upande. Milango miwili, na mmoja umefungwa ili wasioalikwa wasiingie. Upande wa wanawake umezibwa mapazia kwa ajili ya sitara. Ndani mna mama zetu, dada zetu na watoto, na buibui la nailoni likishika moto huyeyuka likaganda mwilini.

Hapa hatuhitaji kukhitalifiana. Wanachuoni walikhitalifiana kuhusu jozi na sukari. Lakini kwamba haijuzu mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenzake, hiyo ni misingi ya dini yetu iliyotoka kwa Mtume (S.A.W.).

TULICHONACHO SISI

Siku ya tatu mzee alirudi, na binti yake alikuja naye. Alisoma kwetu tangu alif mpaka akahitimu. Aliamkia kwa adabu, kisha akasema lake: "Maalim, mimi sitaki anasa. Nataka tu siku yangu iwe na kumbukumbu. Nikiondoa vyote hivi, picha itakuwa na nini?"

Tulikiri kuwa ni swali la haki. Masheikh wengi huwaambia vijana waache, wasiwaambie washike nini. Mtume (S.A.W.) aliagiza nikahi itangazwe, na dufu lilipigwa zama zake. Karamu ya ndoa yake na Bibi Safiyya, njiani kutoka Khaybar, ilikuwa tende, samli na maziwa makavu juu ya mikeka ya ngozi, na watu walikula wakafurahi. Furaha ya harusi ni ibada ikiwa na adabu.

Basi tukamkumbusha vya kwetu. Kumwagia? Pwani hii imekuwa ikinyunyizia wageni marashi tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa tambuu na popoo, na akamiminiwa marashi ya mawaridi ya Damascus. Mrashi wa nyanya yako wafanya kazi hiyohiyo. Kutawanya? Kuna asumini na mawaridi, na yakianguka chini yanaoza, hayaendi baharini kuua kobe. Moshi? Moshi tunao, binti yetu, na wanukia! Chetezo kikitiwa udi na ubani, moshi wake hupanda taratibu, na nguo ya bi harusi hubaki na harufu ile kwa siku nyingi. Mkebe wa jeshi huacha doa.

Ama cheche, tulimwambia wazi: ndani ya ukumbi wa makuti, hapana. Na wale watakaoshikilia kuziwasha, basi iwe nje, mbali na makuti na vitambaa, mikononi mwa watu wazima, ndoo ya mchanga iwe karibu ya kuchomeka vijiti vilivyozimika, na milango yote ya ukumbi iwe wazi.

Na kuhusu mkopo, tulimwambia baba yake peke yake kando. Qur'ani katika Suratul Israa imewafanya wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Ikiwa khalifa mwenye hazina ya dola aliona mshumaa wa anbari ni israfu, vipi mtu anayekopa ili kununua moshi? Deni litabaki, na moshi utadumu dakika moja na nusu.

ILIVYOKUWA

Harusi ilifanyika, alhamdulillah. Hatutasema kila kitu kilikwenda kama tulivyopanga. Rafiki za bwana harusi walikuja na mizinga yao ya karatasi bila ya kumwuliza mtu, wakaipiga mbele ya uwanja wa madrasa, na asubuhi sisi na wanafunzi wetu tulifagia plastiki ya rangi ya fedha mpaka karibu ya adhuhuri. Nyingine bado ziko kwenye mtaro.

Lakini ukumbini hapakuwashwa cheche. Watoto walipangwa mistari, na nyanya wa bi harusi akawagawia mwenyewe vifurushi vya lozi na halua, kila mmoja chake kwa mkono wake, kama alivyokusudia Imam Ahmad na jozi zake. Hakuna aliyesukumwa wala aliyelia.

Picha moja tulionyeshwa kwa ruhusa ya familia. Si ya bi harusi. Ni mkono wa nyanya umeshika chetezo, mwanga wa alasiri unapita dirishani, na moshi wa udi umesimama katikati ya mwanga ule. Mpiga picha alisema ndiyo aliyoipenda zaidi katika kazi yake yote ya siku ile. Wala hakuiwekea bei katika orodha.

Tunamwomba Allah awabariki maharusi wetu wote, azilinde kumbi na nyumba zetu na moto wa dunia na wa akhera, na atujaalie tuwe wenye kuwapa wageni wetu kitu cha kurudi nacho nyumbani. Ikiwa tumepatia ni kwa taufiki yake, na ikiwa tumekosea ni kutokana na nafsi zetu.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.